Amri ya Mahakama ya Kumzuia Anayekutesa au Kukusumbua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Moshi na Arusha

Majibu haya yameandikwa Moshi na wasaidizi wa kisheria, kwa ajili ya wakazi wa Kilimanjaro na Arusha, na yanahusu sheria za Tanzania Bara. Namba za vifungu zilizotajwa ni za Toleo la Sheria la mwaka 2019, ambazo bado utazikuta katika hukumu nyingi. Toleo la mwaka 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, kwa hiyo hakiki namba ya kifungu kabla ya kuiandika kwenye karatasi ya mahakama. Kama mtu anakutishia wakati huu unaposoma, piga 112 kwa polisi kwanza. Kama anayeteswa ni mtoto, piga 116. Maswali yatasubiri.

Nimesoma kwenye simu kwamba kuna fomu ya kuomba amri ya ulinzi. Naipata wapi?

Hili ndilo swali linaloongoza, na jibu lake huwavunja moyo wengi. Tanzania Bara haina sheria moja mahsusi ya ukatili wa majumbani yenye fomu yake na amri yake. Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2015 na Uganda tangu mwaka 2010, na kwa kuwa mipaka ya Holili na Namanga haiko mbali nasi, kurasa za Kenya ndizo hujitokeza mbele mtu anapotafuta kwenye intaneti. Kisha mama wa watu anapanda daladala kutoka Himo hadi Moshi mjini kuulizia fomu ambayo karani wetu hajawahi kuiona.

Hata hivyo, mahakama zetu zina uwezo wa kumzuia anayekutesa. Tofauti ni kwamba kwetu amri hiyo haitembei peke yake. Hubebwa na shauri jingine, liwe la ndoa, la jinai au la madai. Kazi yako ya kwanza, kwa hiyo, ni kujua shauri lipi litaibeba, kwa sababu mtu anayefika dirishani akisema tu "naomba ulinzi" hurudishwa nyumbani, na mtu yuleyule, akiwa na malalamiko yaleyale, angepokelewa kama angesema "nafungua shauri la kutengana na ninaomba amri ya zuio ndani yake".

Tumefunga ndoa. Naingilia mlango gani?

Kifungu cha 139 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, kinaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mtu aache kujilazimisha kwa mwenzi wake au aliyekuwa mwenzi wake, na aache vitendo vingine vya kumsumbua. Uwezo huo upo wakati shauri la ndoa linaendelea, na pia wakati wa kutolewa au baada ya kutolewa kwa hukumu ya kubatilisha ndoa, ya kutengana au ya talaka. Maana yake ni kwamba ni lazima kuwe na shauri la ndoa, na bila shauri hilo kifungu hiki hakikusaidii.

Shauri la ndoa laweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, kwa kuwa kifungu cha 76 kinazipa zote mamlaka ya kulisikiliza tangu mwanzo. Kwa mtu asiye na wakili tunapendelea Mahakama ya Mwanzo. Iko karibu, na unaweza kueleza madai yako kwa mdomo yakaandikwa mahakamani.

Je, ni lazima nipitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa?

Kwa talaka, ndiyo. Kifungu cha 101 kinakataza kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza, na shauri lenyewe huambatanishwa na hati ya Baraza inayothibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, ambayo watu wengi huijua kwa jina la Fomu Namba 3. Baraza laweza kuwa la kata, la BAKWATA au la kanisa. Sheria yenyewe imeweka nafasi za kuliruka, ikiwemo pale mahakama inaporidhika kwamba kuna mazingira ya kipekee yanayofanya kwenda Barazani kusiwezekane, na kwa maoni yetu mwanamke aliyeahidiwa panga akionekana tena mbele ya mumewe ana hoja nzuri ya kuitumia nafasi hiyo, mradi aieleze kwa matukio yanayoweza kuthibitishwa.

Lakini kisome kifungu hicho kwa makini, kwa sababu kinataja talaka. Hakitaji kutengana. Anayeomba hukumu ya kutengana hafungwi na sharti hilo, na ndiyo maana mtu anayehitaji amri ya haraka hushauriwa kuanza na kutengana, akaliacha suala la talaka hadi atakapokuwa salama. Ukiambiwa dirishani kwamba hata kwa kutengana unahitaji hati ya Baraza, omba kwa heshima shauri lipelekwe kwa hakimu aliamue yeye. Usibishane na karani. Hana mamlaka ya kukukubalia wala ya kukukatalia.

Njia hiyo huwafaa pia walio kwenye ndoa changa. Talaka haiwezi kuombwa kabla ya miaka 2 ya ndoa bila kibali cha mahakama, ambapo kutengana hakuna kikomo hicho.

Hatujafunga ndoa, tunaishi tu.

Kama mmeishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, kifungu cha 160 kinawachukulia kuwa mmeoana, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mkiwa hamjafikisha muda huo, soma jibu linalofuata.

Anayenisumbua si mume wangu. Ni mchumba wa zamani, jirani, au shemeji.

Hapa kifungu cha 139 hakitumiki, kwa kuwa kinahusu wenzi na waliokuwa wenzi pekee. Hata mama mkwe anayekufuata hadi shambani na matusi hawezi kuzuiwa kwa kifungu hicho. Njia zilizobaki ni tatu.

Ya kwanza ni dhamana ya kulinda amani, iliyomo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Hakimu akipewa taarifa kwa kiapo kwamba mtu fulani anaelekea kuvunja amani, anaweza kumwita ajieleze kwa nini asitakiwe kusaini hati ya kulinda amani, akiwa na wadhamini au bila wadhamini, kwa muda utakaopangwa. Njia hii imesahaulika mno. Kwa migogoro ya majirani na ya mashemeji huenda ikawa ndiyo inayofaa kuliko zote, kwa sababu hailazimu kusubiri mtu aumizwe, na kwa sababu shemeji anayejua kwamba wadhamini wake ni kaka zake mwenyewe hupata watu wa kumchunga.

Ya pili ni kesi ya jinai. Kutishia kudhuru ni kosa, kushambulia ni kosa, na udhalilishaji wa kijinsia ni kosa, yote chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kama usumbufu unapitia simu au mitandao, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza, katika kifungu cha 23, kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia msongo wa mawazo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Ya tatu ni shauri la madai pamoja na ombi la zuio la muda chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Mahakama hupima mambo matatu, ambayo mawakili huyataja kwa jina la shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969: kwamba kuna hoja ya msingi ya kuamuliwa, kwamba bila zuio utapata madhara yasiyofidika, na kwamba ukiwekwa mzani, wewe ndiye utakayeumia zaidi zuio likikosekana. Njia hii ni ndefu na huhitaji wakili. Hatuipendekezi kwa mtu anayetaka utulivu wiki hii.

Mume wangu anasema mila inamruhusu kunirudi.

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi kwamba, bila kujali mila yoyote kinyume chake, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kimekuwepo tangu mwaka 1971. Kinamlinda pia mume anayepigwa na mkewe. Wanaume huja kwetu, wachache na kwa aibu, mara nyingi wakidai wamekuja kuuliza kwa niaba ya rafiki.

Nikiripoti polisi atakamatwa leo, kesho atapewa dhamana na kurudi akiwa na hasira zaidi. Kuna faida gani?

Hofu hii ni ya kweli, na anayeipuuza hajakaa na waliopitia hali hiyo. Dhamana ni haki ya mshtakiwa katika makosa mengi, na huwezi kuizuia kwa kulia mahakamani. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba dhamana hiyo inaweza kuwekewa masharti. Katika kesi inayosikilizwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, kifungu cha 148 cha Sura ya 20 kinairuhusu mahakama kumwekea mshtakiwa sharti la kutofika mahali fulani au kutokutana na watu fulani. Kwa vitendo hiyo ni amri ya ulinzi, isipokuwa haiitwi hivyo, na akiivunja anahatarisha dhamana yake.

Sharti hilo haliji lenyewe. Kabla mshtakiwa hajasomewa mashtaka, mwambie mpelelezi, kisha mwendesha mashtaka, kwamba unaomba sharti la dhamana, na utaje sehemu kwa majina: nyumba unayolala sasa, genge lako katika Soko la Mbuyuni, lango la shule ya watoto. Anayesema "asinisogelee" bila kutaja mahali humpa mwenzake nafasi ya kudai kwamba alikuwa akipita tu kwenda kununua ndizi.

Nianzie wapi hasa siku ya kwanza nikiwa nimeumizwa?

Anzia Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Utaandikiwa taarifa, upewe namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, kisha upewe PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza, ya kwenda nayo hospitali, iwe Mawenzi, KCMC, Mount Meru au kituo cha afya kilicho karibu. Ukiwa unatoka damu nyingi au umepoteza fahamu, hospitali kwanza, na fomu itafuatwa na ndugu. Baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambamo polisi, daktari na ustawi wa jamii hukutana na wewe mahali pamoja, na hivyo huhitaji kusimulia jambo lilelile mara nne kwenye korido nne.

PF3 ni karatasi ndogo, lakini tumeona mashauri yakiyumba kwa sababu yake. Kabla hujaondoka hospitalini, hakikisha daktari ameandika kila jeraha na mahali lilipo mwilini, na kwamba fomu ina tarehe, saini na mhuri. Neno "maumivu" peke yake halimwambii hakimu kitu. "Mchubuko wenye urefu wa sentimita sita juu ya bega la kushoto" humwambia.

Ushahidi gani unahitajika, wakati alinipiga tukiwa wawili tu ndani?

Maneno yako mwenyewe chini ya kiapo ni ushahidi, na mahakama inaweza kuyaamini. Kinachoyapa nguvu ni vitu vidogo vilivyokusanywa mapema: daftari la mtoto lililobaki kurasa, ambamo umeandika tarehe, saa na kilichotokea, mwenyekiti wa mtaa au kitongoji aliyeitwa usiku ule, jirani aliyesikia mlango ukivunjwa. Ujumbe wa simu usiufute hata kama unakuchoma moyo, na usiuze simu yenyewe. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba na tarehe, itume kwa ndugu unayemwamini, na uichapishe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo, ila mahakama itataka kujua ulitokaje kwenye simu hadi ukafika kwenye karatasi.

Hati ya kiapo iandikweje?

Tunakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo maombi mengi hufia. Waombaji wengi huandika: "Mume wangu ni mkatili, amenitesa kwa miaka mingi, naomba mahakama inisaidie." Hakuna uongo ndani yake, na hakuna kitu ambacho hakimu anaweza kukishika. Linganisha na hii: "Jumapili ya tarehe 9 Machi 2025, saa mbili usiku, mjibu maombi alirudi nyumbani, akanipiga mgongoni kwa mkanda wa suruali mara nne, mtoto wetu wa darasa la tatu akiwa amesimama mlangoni. Tarehe 12 alinitumia ujumbe akisema nikienda polisi atachoma nyumba ya mama yangu." Aya mbili za namna hiyo zinatosha kuliko kurasa tano za malalamiko.

Baada ya matukio, sema unachoomba azuiwe kufanya, jambo moja moja: asifike mahali fulani, asikupigie wala kukutumia ujumbe, asiwatume watu wengine wafanye hivyo kwa niaba yake. Hilo la mwisho husahaulika sana, na wadogo zake ndio hutumwa. Kama hatari iko karibu, ambatanisha hati ya dharura, inayoeleza kwa nini shauri haliwezi kusubiri, na uombe usikilizwe upande mmoja kwanza, yaani kabla mwenzako hajaitwa. Hakimu akikubali, anaweza kutoa amri ya muda mfupi hadi mwenzako atakapoitwa kujibu. Wito upelekwe na mpeleka nyaraka wa mahakama. Wewe usiupeleke, hata ukiambiwa kwamba itakuwa haraka zaidi.

Ameleta isale kupitia wazee. Nikiipokea, nimefuta kesi?

Swali hili haliwezi kuulizwa Dar es Salaam, lakini huku Uchaggani lina uzito wake. Jani la isale linapoletwa kuomba msamaha, anayelikataa huonekana ameutukana ukoo mzima, na hatuko hapa kumfundisha mtu kudharau mila za nyumbani kwake. Kisheria, kupokea isale hakufuti chochote. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, na wewe ni shahidi ndani yake. Mahakama ndiyo inayoweza kuhimiza suluhu katika shambulio la kawaida au kosa lingine la aina hiyo lisilo kubwa, chini ya kifungu cha 163 cha Sura ya 20, pale inapoona maslahi ya umma hayadai adhabu. Shauri la ndoa ni lako, na litaondoka tu ukiliondoa wewe.

Unaweza, basi, kupokea isale, ukanywa mbege na wazee, na bado Jumatatu ukafika mahakamani kwenye tarehe yako. Tunachokuomba usikubali ni kauli ya "subirini Desemba, watu wakipanda kutoka Dar ukoo utakaa". Ikiwa kauli hiyo imetolewa mwezi Machi, unaombwa uvumilie miezi tisa ukiwa na mtu aliyekuvunja mkono. Kikao cha ukoo kikae Desemba, na amri ya zuio iombwe sasa.

Nikiondoka nyumbani, nitakuwa nimeikimbia ndoa na kupoteza haki zangu?

Hapana. Utelekezaji unaotajwa kwenye kifungu cha 107 kama ushahidi wa ndoa kuvunjika ni wa makusudi na wa angalau miaka 3. Kukimbia kipigo ni jambo jingine. Haki ya kudai mgawanyo wa mali zilizochumwa pamoja, chini ya kifungu cha 114, haipotei kwa sababu ulilala kwa dada yako. Mahari pia si sharti la kufungua shauri, iwe ilimalizwa au haikumalizwa.

Nyumba ni suala gumu zaidi. Kifungu cha 59 kinamzuia mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Hata hivyo, kinga hiyo hugusa tu maslahi ambayo mwenzi mwenyewe anayamiliki katika nyumba, na nyumba nyingi za Kibosho, Machame na Marangu zimejengwa ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo, ambacho baba mkwe bado anakihesabu kuwa chake. Hapo pata ushauri wa mtu atakayeona karatasi zako. Kwa uzoefu wetu, ni rahisi zaidi kupata amri ya kumzuia asikufuate ulikokwenda kuliko amri ya kumtoa yeye kwenye kihamba cha baba yake.

Na watoto?

Unaweza kuomba uangalizi wa muda ndani ya shauri hilohilo. Kwa mtoto wa chini ya miaka 7 kuna dhana, inayoweza kupingwa, kwamba ni kwa faida yake kukaa na mama. Kama mtoto mwenyewe ndiye anayeteswa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina njia zake, na afisa ustawi wa jamii ndiye wa kumwona kwanza.

Sina fedha za wakili.

Msaada wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hautozwi malipo. Moshi kuna KWIECO, shirika ambalo limewahudumia wanawake wa Kilimanjaro tangu miaka ya 1980, na Arusha kuna Chama cha Wanasheria Wanawake, yaani TAWLA. Uliza pia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Mtu anayekutoza "hela ya faili" pembeni ya mahakama si msaidizi wa kisheria.

Akiivunja amri, nifanye nini?

Usimfuate kumuuliza. Andika tarehe na saa, nenda Dawati la Jinsia na nakala ya amri, kisha urudi katika mahakama iliyoitoa. Kutotii amri halali ni kosa la jinai, na anayevunja zuio lililotolewa chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai anaweza kukamatiwa mali au kuwekwa kifungo cha madai kisichozidi miezi 6. Zuio hilo lina mwisho wake pia: hutolewa kwa muda usiozidi miezi 6, na likiongezwa lisizidi mwaka 1 kwa jumla, kwa hiyo andika tarehe ya kuisha kwenye kalenda na uombe nyongeza kabla haijafika.

Tumepatana, amerudi nyumbani. Amri bado ipo?

Ipo hadi mahakama iiondoe au muda wake uishe. Mkipatana kweli, rudini wote wawili kwa hakimu mkaombe ibadilishwe. Hadi hapo, nakala yenye mhuri iendelee kukaa Dawatini, nyingine kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, nyingine kwa mwalimu mkuu kama shule imetajwa, na yako uitunze nje ya nyumba mnayolala, kwa dada au kwa mama, kwa kuwa karatasi zikitafutwa ndani ya nyumba, kabati na chini ya godoro ndiko huanziwa.